"Huna Ushahidi": Sheria Inavyomlinda Mfanyakazi Dhidi ya Ubaguzi na Unyanyasaji

Hotuba kwa wafanyakazi, wawakilishi wa vyama na waajiri, Kisumu

Ndugu wafanyakazi, wawakilishi wa vyama mliotoka Nakuru, Kericho na Bungoma, waajiri na mameneja mliokubali kuketi nasi leo, wazee wetu na wageni waalikwa, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa nizungumze juu ya ulinzi ambao sheria inampa mfanyakazi dhidi ya ubaguzi na unyanyasaji kazini. Sheria zenyewe ni nyingi na muda wetu ni mfupi, kwa hivyo nitazipitia nikifuata maneno mawili ambayo mfanyakazi huambiwa mara tu anapofungua kinywa kulalamika. Huambiwa, "Huna ushahidi." Huambiwa hivyo na msimamizi wake, huambiwa na afisa wa rasilimali watu, na wakati mwingine huambiwa hata na ndugu zake nyumbani, ambao wanamtakia mema na wanaogopa asije akapoteza kazi. Na kwa kuwa mambo haya hutendeka ghalani, ofisini baada ya wengine kwenda zao, au garini njiani kutoka semina, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa tatu, mfanyakazi huyo huamini kwamba kweli hana la kusema, akanyamaza. Nimewatetea wafanyakazi mahakamani kwa muda wa kutosha kuweza kuwaambia kwamba maneno hayo mawili yamewanyamazisha watu wengi kuliko vitisho.

Tuanze na Katiba ya Kenya ya 2010. Ibara ya 27 inaikataza Serikali kumbagua mtu yeyote, moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja, kwa misingi ya rangi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, hali ya afya, asili ya kikabila au ya kijamii, umri, ulemavu, dini, dhamiri, imani, utamaduni, mavazi, lugha au kuzaliwa. Kisha ibara hiyo hiyo inamkataza mtu yeyote kumbagua mwenzake kwa misingi hiyo hiyo. Naisisitiza sehemu hii ya pili kwa sababu bado wapo waajiri wanaodhani kwamba Katiba inaihusu Serikali na raia wake tu, na kwamba ndani ya ua wa kiwanda au wa shamba mwenye mali ndiye sheria. Ibara ya 28 inalinda utu wa kila mtu, na ibara ya 41 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini, kulipwa ujira wa haki na kufanya kazi katika mazingira yanayofaa.

Sheria ya Ajira ya 2007 ndiyo inayoyashusha hayo hadi mlangoni pa kazi. Kifungu cha 5 kinamkataza mwajiri kumbagua au kumnyanyasa mfanyakazi, na vilevile mtu anayetafuta kazi, kwa sababu ya rangi, jinsia, lugha, dini, maoni ya kisiasa au mengineyo, uraia, kabila, asili ya kijamii, ulemavu, ujauzito, hali ya ndoa au hali yake kuhusu virusi vya Ukimwi. Makatazo hayo yanaanzia kwenye tangazo la kazi, yanapita kwenye usaili, mafunzo, kupandishwa cheo na masharti ya kazi, na kuishia kwenye kuachishwa kazi. Kifungu hicho kinamtaka pia mwajiri awalipe sawa watu wanaofanya kazi yenye thamani sawa. Angalieni kwamba sheria inasema thamani, kwa hivyo mwajiri hawezi kujificha nyuma ya vyeo viwili vyenye majina tofauti ilhali wanaovishika wanafanya kazi ile ile.

Sheria haikatazi kila tofauti. Hatua za kuwainua waliokuwa wameachwa nyuma zinaruhusiwa, na sifa ambayo kazi yenyewe inaihitaji kweli si ubaguzi. Anayemtafuta dereva ana haki ya kudai leseni. Anayemtafuta karani hana haki ya kumuuliza binti aliyekaa mbele yake kama ana mpango wa kuolewa mwaka huu, au nani atamlea mtoto wake akiugua, wakati mvulana aliyetangulia kuingia hakuulizwa lolote la namna hiyo. Swali hilo bado linaulizwa Nakuru na Kisumu kila wiki, na linaulizwa kwa tabasamu, kana kwamba ni mazungumzo tu.

Sasa nirudi kwenye ushahidi. Kifungu hicho cha 5 kinaeleza kwamba katika shauri lolote ambamo inadaiwa kuwa kifungu kimevunjwa, mwajiri ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea kama inavyodaiwa. Naomba mlisikie hilo vizuri. Katika mashauri mengi ya kawaida anayedai ndiye anayethibitisha, lakini hapa Bunge lilitambua kwamba faili, barua, kumbukumbu za vikao, orodha za mishahara na majina ya waliopandishwa vyeo vyote viko mikononi mwa mwajiri, na kwamba kumtaka kibarua athibitishe kilichokuwa moyoni mwa meneja wake ni kumfungia mlango wa mahakama.

Sitaki kuwapa tumaini lisilo na msingi. Mahakama zetu zimefafanua kwamba mlalamishi lazima kwanza aweke mezani maelezo yenye mashiko: alitendewa nini, lini, na nani, na kwa nini anaamini kwamba sababu ilikuwa jinsia yake, kabila lake au ujauzito wake. Akishafanya hivyo, mzigo unahamia kwa mwajiri, na kunyamaza au kukana tu hakutamsaidia. Kipimo nacho si kile cha kesi ya jinai, ambako upande wa mashtaka hutakiwa kuondoa shaka yote ya maana. Katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi jaji huuliza ni maelezo ya nani yanayoelekea zaidi kuwa kweli. Kwa hiyo mfanyakazi anayeeleza jambo lake kwa mpangilio, bila kuongeza chumvi, tayari ana ushahidi, kwa kuwa kauli yake mwenyewe chini ya kiapo ni ushahidi.

Mwaka 2013 mahakama hiyo, wakati huo ikiitwa Mahakama ya Viwanda, iliamua mashauri ambayo kila mwajiri aliyeketi hapa angepaswa kuyafahamu. Katika moja, mwanamke aliyekuwa akifanya kazi katika benki alishinda kwa hoja kwamba aliachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito. Katika jingine, mwanamke aliyefanya kazi kwa miaka katika chuo kikuu cha binafsi alikuwa amepimwa virusi vya Ukimwi bila ridhaa yake, akanyimwa ajira ya kudumu na hatimaye akaondolewa, na chuo kikaamriwa kumlipa karibu shilingi milioni 7. Tangu 2006 tuna Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Virusi vya Ukimwi, inayokataza kumlazimisha mtu apimwe ili apewe kazi. Hata hivyo wapo wanaoendelea kutumwa kliniki wakiwa na karatasi ambayo hawakuelezwa ni ya kipimo gani. Una haki ya kuuliza, na una haki ya kukataa.

Nije kwenye unyanyasaji wa kingono, ambao ndio uliotuleta wengi wetu katika ukumbi huu. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira kinaueleza kwa upana. Unakuwapo pale ambapo mwajiri, mwakilishi wake au mfanyakazi mwenzako anaomba tendo la ngono, au mguso, au aina nyingine ya shughuli za kingono, akiambatanisha ombi hilo na ahadi ya upendeleo, au kitisho cha kukutendea vibaya, au kitisho juu ya ajira yako ya sasa au ya baadaye. Unakuwapo pia pale ambapo anatumia maneno ya kingono ya mdomo au ya maandishi, picha, au mwenendo wa kimwili ambao huutaki au unaokuudhi, na ambao kwa asili yake unaathiri ajira yako, utendaji wako au kuridhika kwako kazini. Ombi linaweza kuwa la wazi au la kuzungukazunguka. Ujumbe wa simu saa tano za usiku unaoanza na "umelala?" unaingia humo kwa urahisi ukiandamana na mengine.

Vitisho vyenyewe mara nyingi havisemwi. Nitawaeleza kisa cha dada mmoja aliyekuwa mhudumu wa hoteli katika ukanda huu wa ziwa, aliyeniruhusu nikisimulie bila kumtaja yeye wala hoteli. Msimamizi wa zamu alimtaka kingono wakiwa wawili tu ghalani, akakataa kwa adabu, na hakuna neno jingine lililosemwa. Jumapili iliyofuata orodha ya zamu ilibandikwa ukutani karibu na mlango wa jikoni kama kawaida. Hadi wiki hiyo alikuwa na zamu nne za asubuhi na mbili za jioni, akihudumu katika ukumbi wa chakula, ambako wageni huacha bahashishi. Sasa zamu zote sita zilikuwa za jioni hadi saa sita usiku, na alikuwa amehamishiwa chumba cha kufulia nguo. Wiki iliyofuata ikawa hivyo, na iliyofuata hivyo hivyo. Alipouliza, aliambiwa kwamba ni mahitaji ya kazi, na kwamba kama ana malalamiko alete ushahidi.

Dada huyu alikuwa na mazoea ya kupiga picha orodha hiyo kwa simu kila Jumapili ili amtumie jirani aliyemwangalizia mtoto wake. Hakuzipiga kwa ajili ya kesi. Lakini tulipozipanga picha hizo kwa tarehe, zamu za miezi kadhaa kabla na baada ya ile Jumapili, pamoja na ujumbe aliomwandikia dada yake usiku ule ule wa tukio akimweleza kilichotokea, swali lilimgeukia mwajiri: ni mahitaji gani ya kazi yaliyoanza wiki hiyo, yakamhusu mtu mmoja kati ya wahudumu wote, na yakapangwa na yule yule anayelalamikiwa? Hakukuwa na jibu, na shauri likamalizwa kwa maafikiano kabla ya kufika kwenye hukumu. Hakuna aliyekishuhudia kile kilichosemwa ghalani. Karatasi ya ukutani ilitosha.

Katika mashamba ya chai kule Kericho mambo yana sura nyingine lakini mzizi ni huo huo. Anayegawa mistari ya kuchuma, anayesoma mizani na kuandika kilo, anayeamua nani aitwe tena msimu ujao, ana uwezo wa kumtesa mtu bila kumwekea mkono. Februari 2023 shirika la utangazaji la BBC lilitoa uchunguzi ambamo zaidi ya wanawake 70 walieleza kudhulumiwa kingono na wasimamizi wao kwenye mashamba ya chai. Kilichonichoma ni kwamba waliyoyasema yalikuwa yakijulikana na watu wengi waliokuwa jirani nao. Kampuni zilikuwa na sera zilizoandikwa vizuri kabisa, na wanawake hao walikuwa wakilalamika kwa nani, ikiwa anayepokea malalamiko anakunywa chai na nyapara?

Hapo ndipo ninapozungumza nanyi waajiri. Kifungu cha 6 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe taarifa ya sera juu ya unyanyasaji wa kingono baada ya kushauriana na wafanyakazi au wawakilishi wao. Sera hiyo lazima ieleze unyanyasaji ni nini, itamke haki ya kila mfanyakazi kufanya kazi bila kunyanyaswa, itaje hatua za nidhamu, ionyeshe njia ya kupeleka malalamiko, na iahidi kwamba jina la mlalamishi na mazingira ya tukio havitatajwa isipokuwa pale uchunguzi unapolazimu. Kisha lazima ifikishwe kwa kila mtu aliye chini yenu. Sera ya kurasa nyingi za Kiingereza iliyofungiwa kabatini haijamfikia mchuma maua wa Naivasha. Iandikeni kwa Kiswahili, isomeni kwa sauti wakati wa mapumziko, na muweke watu wawili wa kupokea malalamiko, angalau mmoja wao akiwa mwanamke, wasio na mamlaka ya kupanga zamu wala kugawa kazi. Mwenye wafanyakazi 12 hatakiwi kuandika sera hiyo, lakini makatazo yote mengine yanamfunga sawasawa na mwenye 1,200.

Zaidi ya hapo kuna jinai. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 23, inamwadhibu mtu mwenye mamlaka au mwenye wadhifa wa umma anayerudia rudia kumtaka mtu kingono akijua, au akiwa na sababu za kujua, kwamba hatakiwi. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Jinai hiyo inahitaji marudio. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira hakiyahitaji, na ombi moja lenye kitisho linatosha kumpa mfanyakazi haki ya kulalamika. Ikiwa kilichotendeka ni kushambuliwa kimwili, tafadhali usianze na barua kwa meneja. Nenda hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hazifai baada ya hapo, kisha upige ripoti polisi na upewe fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kama ushahidi wa madhara uliyopata.

Wengi huniuliza: je, nikilalamika wakanifuta? Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema wazi kwamba kulalamika dhidi ya mwajiri, au hata kukusudia kulalamika, si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, isipokuwa malalamiko yenyewe yaonyeshwe kuwa hayana msingi wala mantiki yoyote. Ujauzito nao si sababu halali, wala kabila, wala uanachama wa chama cha wafanyakazi. Mwanamke anayerudi kutoka likizo yake ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili ana haki ya kurudi kwenye kazi yake, au kazi nyingine inayomfaa kwa masharti yasiyo duni. Akikuta kiti chake kimekaliwa na mtu mwingine na yeye akapewa meza ya mapokezi, huo si mpangilio mpya wa ofisi, ni uvunjaji wa sheria. Fidia ya kuachishwa kazi isivyo haki inaweza kufikia mishahara ya miezi 12, na fidia ya ubaguzi hutolewa kando, bila kufungwa na ukomo huo.

Kuhusu kabila nitasema kwa ufupi, ingawa jambo ni zito. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Serikali zetu za kaunti, hii ya Kisumu na za jirani zetu, zinaijua kanuni hiyo. Wananchi wana haki ya kuomba hesabu hizo chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, na ningependa kuona vyama vya wafanyakazi vikiziomba mara nyingi zaidi.

Wapo wanaodhani kwamba haya yote hayawahusu kwa kuwa hawana barua ya ajira. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Mfanyakazi wa nyumbani analindwa, mlinzi analindwa, na kibarua analindwa. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja atahesabiwa kama mtu wa mkataba wa mwezi, na kumwandika upya kila Jumatatu hakumwondolei mwajiri wajibu huo.

Lakini wapo ambao sheria hii kweli haiwafikii, na ningekuwa mnafiki kuzungumza Kisumu nikawaruka. Mama anayenunua samaki ufuoni si mwajiriwa wa mvuvi. Tunaujua sote ule utaratibu wa jaboya, ambapo mvuvi anataka mwili kabla ya kumuuzia samaki, na mwenye kukataa huondoka na beseni tupu. Kifungu cha 6 hakimtaji mama huyo, kwa sababu hakuna ajira baina yao. Wanawake wa ufuo wa Nduru, Nyakach, walilijibu hilo kwa kujipatia mashua zao wenyewe, wakawa wao ndio wenye samaki, na hata mafuriko ya 2020 yalipowaharibia makazi, fundisho lao halikusombwa. Mkataba nambari 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2019, unazitaka serikali ziwaangalie pia wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi, wanagenzi na wanaotafuta kazi. Sioni sababu kamati za usimamizi wa fuo zisiweke sheria ndogo za kumfungia leseni mwenye mashua anayeuza kwa masharti hayo. Wabunge wa kaunti waliopo hapa, naliweka ombi hilo mbele yenu.

Nimalizie na mahali pa kupeleka shauri. Kwanza andika: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa, na nani ulimweleza baadaye. Hifadhi ujumbe, na usiufute kwa hasira au aibu. Peleka malalamiko kwa mwajiri kwa maandishi na ubaki na nakala yenye mhuri au saini ya aliyepokea. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinakupa haki ya kufika na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Afisa wa leba wa kaunti hapokei malipo, na ukiwa umefutwa kazi mwone ndani ya miezi mitatu. Mahakama ya Ajira ina vituo Kisumu, Nakuru, Kericho na Bungoma, na shauri lifunguliwe ndani ya miaka mitatu. Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa hupokea malalamiko ya ubaguzi, na wanasheria wa FIDA, shirikisho la mawakili wanawake, wana ofisi hapa Kisumu kwa wanawake wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

Mawakili wenzangu watatu wameketi meza ya upande wa kushoto, na watabaki hapo hadi jioni. Hakuna orodha ya kuandikisha majina, na mlango wa chumba cha nyuma unafungika.